Historia ya Mama Taja, Aliyetaja Mshahara Wake

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wa kiwanda ambao baadhi yenu mmetoka zamu ya asubuhi na bado mna vumbi la saruji kwenye nyusi, na ninyi waheshimiwa wa bodi mlioketi mstari wa mbele, familia imenichagua mimi, mdogo wake wa kiume anayemfuata, mwalimu mstaafu wa jiografia, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu hapa hamjui hata jina lake la kwenye cheti kwa kuwa tangu mwaka 2013 mlimwita kwa jina moja tu, Mama Taja.

Nitafuata utaratibu tuliouzoea, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na kifo, ila nawatahadharisha mapema kwamba mwishoni kabisa ipo sentensi moja inayohusu mshahara wake, sentensi ambayo yeye mwenyewe aliagiza isomwe, na ambayo jana mchana iliigawa sebule yetu pande mbili, nami nitawaeleza tulivyoamua tutakapofika huko, kwa hiyo naomba mtu asiwahi gari lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mpishi wa shule, na nyuma yake tukafuata wengine wanne. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikuja duniani kimya, macho makavu, hakulia mpaka mkunga alipomfinya, na alipolia alilia kwa hasira, kama mtu anayedai kitu chake kilichochukuliwa na jirani. Mimi sikuwepo, nilizaliwa miaka miwili baadaye, lakini kwa yote niliyoyaona tangu hapo sina sababu ya kumbishia mama.

Alianza shule ya msingi Januari 1970 na kumaliza Novemba 1976 akiwa wa kwanza katika darasa lake, na hapo pana kisa ambacho yeyote aliyewahi kuingia ofisini kwake alisimuliwa, atake asitake. Ilikuwa kawaida ya shule yetu kwamba mwanafunzi wa kwanza hupewa begi la ngozi, sasa mwaka huo mwalimu mkuu, mtu mwema asiyekuwa na kinyongo na yeyote, alijiuliza msichana atalipeleka wapi begi la ngozi, akaona busara kumpa mvulana aliyekuwa wa pili, na dada akapewa beseni la bati la rangi ya bluu. Wazazi walipiga makofi, mama alifurahi kwelikweli maana beseni tulikuwa hatuna, dada akalipokea kwa mikono miwili na kusema asante, kisha njiani tukirudi nyumbani akauliza, "Baba, mimi nimekuwa wa kwanza au wa pili?" Baba akajibu kwamba wa kwanza, naye akasema, "Basi mbona begi limekwenda kwa wa pili?" na baba yetu, aliyekuwa na jibu la kila kitu kuanzia stempu mpaka siasa, akasema tutembee haraka jua linakuwa kali.

Beseni hilo lilituogesha wadogo zake wote, likafulia nguo, likabebea matofali tulipojenga banda la kuku, na kwa miaka kumi na moja ya mwisho ya kazi yake lilikaa nyuma ya mlango wa ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji, juu ya zulia, likiwa na miavuli ya wageni. Wapo mabalozi na mameneja wa benki waliotia miavuli yao humo bila kujua wanaitia kwenye zawadi ya mshindi wa kwanza.

Elimu ya sekondari aliipata kati ya mwaka 1977 na 1982, akiwa bwenini, na mwaka 1983 akajiunga na chuo kikuu, alikohitimu shahada ya uhasibu mwaka 1986, na Jumatatu ya tarehe 2 Machi 1987 akaajiriwa katika kampuni ya saruji kama mhasibu msaidizi, katika chumba kilichopakana na sehemu ya kupakia mifuko, ambako hata ukifunga dirisha saruji iliingia, ukikohoa ilitoka, na chai usipoifunika ulikuwa unakunywa nusu ya ukuta. Alikuwa mwanamke pekee mle ndani, na wenzake walimpokea vizuri tu, wakamwachia kazi ya kununua sukari ya ofisi, naye akainunua kwa mwezi mmoja, mwezi wa pili akapitisha zamu ya sukari kwa kila mtu, akiwemo mkuu wao.

Ndoa yake ilitokana na kiti, kwa sababu mwaka 1989 kiti cha ofisini kwake kilipasuka, akakipeleka kwa fundi wa makochi mtaa wa nyuma, fundi akamtazama mavazi yake ya kiofisi, akamtajia bei ya juu akitegemea wapunguziane, na dada akafungua mkoba akalipa yote. Fundi alishikwa na aibu, akataka kumrudishia fedha iliyozidi, akamwambia, "Dada, nilikuwa nimeipandisha, wewe ulitakiwa uniombe," na dada akamjibu, "Umetaja bei yako, mimi ni nani nikupunguzie?" Fundi huyo akakaa siku kadhaa hana raha, akautafuta mlango wa posta kwa baba yetu, na tarehe 15 Desemba 1990 wakafunga ndoa, ndoa iliyodumu miaka thelathini na tatu na ushee, na shemeji yangu yuko pale, kwenye kochi alilolivisha kwa mikono yake.

Nisiruke jambo hili, kwa sababu limewashangaza wengi, kwamba mwanamke aliyekuja kuishinda bodi nzima alikuwa hajui kabisa kupatana bei sokoni, wauza nyanya walimpenda kupita kiasi, shemeji alikuwa akinung'unika kwamba anaibiwa mchana kweupe, naye akisema mtu akikaa juani akajua jasho lake ni la kiasi gani, yeye hana ubavu wa kumwambia si hivyo.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1991, sasa ni daktari wa meno, wa pili wa kike, wa mwaka 1994, ni fundi umeme wa lifti na hakuna jengo refu analoogopa kupanda, na kitinda mimba wa mwaka 1999, ambaye naye ni binti, anasomea sheria, hili msiniulize alilitoa wapi. Watoto hawa walilelewa kwa masharti, kwamba aliyekuja kuomba fedha ya shule akijikunyata na kusema, "Mama, chochote tu," alipewa chochote, yaani sarafu moja, na aliyetaja kiasi na sababu alipewa chote, na daktari wa meno anakiri kwamba alikula sarafu moja moja mpaka kidato cha pili ndipo akili ikamjia.

Sasa narudi kazini. Alipandishwa kuwa mhasibu mwandamizi mwaka 1995, na mwaka 2003 akawa Mkuu wa Fedha wa kampuni nzima, viwanda vyote, maghala yote na malori yote, na kwa nafasi hiyo ndiye aliyeidhinisha kila mwezi mishahara ya wote, kuanzia mfagizi mpaka Mkurugenzi Mtendaji wa wakati ule, ambaye nitamwita Mzee Helmeti kwa kuwa helmeti yake nyeupe hakuivua hata harusini. Katika miaka tisa hiyo dada yangu hakumwambia mtu yeyote Mzee Helmeti anapata kiasi gani, hakuniambia mimi, hakumwambia mumewe, ingawa shemeji alimchokoza sana hasa siku za mechi Mzee Helmeti alipoonekana kwenye televisheni akikaa viti vya mbele, naye alijibu kwamba mshahara wa mtu mwingine si wake kuutaja.

Machi 2012 Mzee Helmeti alistaafu, dada akawekwa kukaimu, akakaimu karibu mwaka mzima kwa posho ambayo haikutosha hata mawazo ya kazi ile, na tarehe 12 Februari 2013 bodi ikamwita, ikampongeza, ikampa mkataba wa Mkurugenzi Mtendaji, mwanamke wa kwanza katika kampuni ile tangu ilipochimba jiwe la kwanza. Mshahara ulioandikwa humo ulikuwa umekatwa theluthi nzima kutoka ule wa mwenzake, na katika shangwe zile waheshimiwa walikuwa wamesahau jambo dogo, kwamba mtu wanayempunguzia ndiye aliyekuwa akiuidhinisha ule mwingine kila mwisho wa mwezi kwa miaka tisa.

Aliuliza sababu, kwa heshima, na mwenyekiti wa wakati ule, ambaye naye ametangulia na simsemi kwa ubaya, akamwambia kwa sauti ya baba, "Mama, wewe una mume. Mwenzako alikuwa na familia ya kulisha." Dada akasema, "Mwenyekiti, na mume wangu mimi ni familia ya nani?" na alicholetewa ni chai.

Hakutia saini. Aliuchukua mkataba akaenda nao nyumbani, akaendelea kukaimu kwa posho ile ile, Machi ikapita, Aprili ikapita, na msidhani alikuwa jasiri muda wote, kwa sababu nilikuwepo Jumapili moja alipokaa jikoni ameshika tama akamwuliza mumewe, "Nikiikosa hii kazi je?" na shemeji, aliyekuwa anachambua maharage, akasema, "Utakuja karakanani unisaidie kuvuta ngozi za makochi, nami nitakulipa sawa na fundi mwenzangu," na dada akacheka mpaka akafuta machozi, ila sisi tuliokuwepo tulijua kwamba si yote yalikuwa ya kucheka. Kilichokuwa kinamuuma hakikuwa matumizi ya nyumbani, chakula kilikuwepo, ada zilikuwepo, kilichomuuma ni lile beseni, kupewa makofi ya mtu wa kwanza na zawadi ya mtu mwingine.

Wakati huo kampuni ilikuwa inatafuta mkopo wa kujenga tanuri la pili, na benki ikasema haitaki saini ya kaimu, inataka ya mkurugenzi kamili, ndipo bodi ikaona kwamba mkopo unacheleweshwa na saini ya mama huyu kwenye mkataba wake, ikamwita tena Alhamisi ya tarehe 16 Mei 2013. Alikwenda na mkataba wake, akakaa, akaomba ruhusa asome kifungu kimoja kwa sauti, akasoma, "Mke wa Mkurugenzi atapatiwa gari na dereva, pamoja na gharama zote za matibabu ya uzazi."

Ndugu waombolezaji, ofisi ya kampuni ilikuwa imechukua mkataba wa Mzee Helmeti, ikaunakili neno kwa neno, ikabadilisha jina, ikabadilisha mshahara, na mengine yote ikayaacha kama yalivyo. Dada aliinua macho akawaambia, uso mkavu, "Waheshimiwa, mmeninakilia kila kitu cha mwenzangu, mpaka uzazi wa mkewe, mmeruka mstari mmoja tu. Sasa ama tuandike mkataba mpya, tujadiliane kifungu kimoja kimoja tangu mwanzo, ama mninakilie na ule mstari uliobaki."

Alitusimulia kwamba mwanachama mmoja wa bodi, daktari mstaafu wa wanawake, akawaza uzazi wa fundi makochi, akaanza kutikisika mabega, akacheka kicheko cha kujificha kwenye leso, mwingine akamfuata, mwisho mwenyekiti mwenyewe akaweka miwani mezani akasema, "Mnakilieni." Mstari ukanakiliwa, mshahara ukawa ule ule wa Mzee Helmeti, na dada akaomba jambo la pili, kwamba kifungu kinachomkataza kutaja mshahara wake kifutwe, wakakifuta, kwa hiyo namwomba mwanasheria wa kampuni, ninayemwona pale anaanza kusogeza kiti, aketi tu, nakala iko kwa kitinda mimba.

Kifungu cha mke kilirekebishwa pia kikawa cha mwenzi, lakini marekebisho yalichelewa, dereva alikuwa ameshatumwa na gari jipya akaripoti kwa mke wa Mkurugenzi, akaelekezwa mtaa wa nyuma, akaingia karakana ya makochi akakuta mwanaume mwenye misumari mdomoni. Tangu siku hiyo shemeji yangu aliitwa Mke wa Mkurugenzi na mtaa mzima, kuanzia muuza magazeti mpaka watoto wa shule, na badala ya kununa alikuwa akiitika, "Abee," na gari lile alilipakia sponji na springi mpaka likapasuka kiti cha nyuma, akakishona mwenyewe bila malipo.

Siku iliyofuata kutia saini, Ijumaa, saa nne wakati wa chai, Mkurugenzi mpya aliingia kantini ya kiwanda, akapanda juu ya benchi na viatu vyake, akataja mshahara wake mbele ya wote, wapakiaji, makarani, madereva, wapishi. Kisha mpakiaji mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, tukopeshe!" watu wakaangua kicheko, naye akasubiri kiishe, akasema, "Nimetaja changu. Sitaki unitajie chako hapa, hicho ni chako. Lakini siku ukiitwa ofisini kupandishwa cheo, usiseme utashukuru kwa chochote. Uliza aliyekutangulia alikuwa wa ngazi gani ya mshahara, halafu taja." Akashuka, akanywa chai, na kuanzia hapo kila siku ya kwanza ya kazi ya mwezi Januari alipanda benchi lile lile akataja tena, na ndiyo asili ya jina lake.

Si wote walipenda, nami nisiwapambe, wapo waliosema anajigamba, wapo ndugu waliokuja nyumbani na matatizo yaliyolingana kabisa na mshahara uliotajwa, na wapo waheshimiwa waliosema mama huyu anaharibu heshima ya cheo. Yeye alisema heshima ya cheo ambayo inaharibika kwa kutajwa basi ilikuwa na ufa tangu mwanzo. Chini ya uongozi wake tanuri la pili lilijengwa likawashwa Septemba 2015, la tatu likafuata, kampuni ikafikia viwanda vitano, na mwaka 2016 ngazi za mishahara za wasimamizi wote wa kike, kuanzia yule mama wa upakiaji ambaye leo amekuja na wajukuu, zikawekwa sawa na za wanaume wa kazi hiyo hiyo.

Katika wale aliowakuza yuko mmoja ninayepaswa kumweleza, naye ni injinia wetu wa matanuri, aliyeajiriwa mwaka 2004 akiwa msichana mwembamba ambaye helmeti ilimfunika mpaka masikio, mtu hodari, mtulivu, mwenye adabu iliyozidi kipimo. Mwaka 2018 alipoitwa kuwa Mkuu wa Uzalishaji, aliingia ofisini akaambiwa ataje, akasema, "Mama, nitashukuru kwa chochote," Mama Taja akamwambia atoke nje, afunge mlango, abishe hodi, aingie upya. Akaingia akataja kiasi kidogo, akatolewa nje tena. Katibu muhtasi anasema mara ya tatu injinia alisimama karibu na lile beseni la miavuli akipumua kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akaingia, akataja, na mlango haukufunguliwa tena mpaka ikaletwa chai ya watu wawili.

Mwezi Oktoba 2022 bodi ilimpa dada mkataba mpya, wa mwisho, wenye mshahara mpya, na mwezi uliofuata akaanza kuumwa mgongo na tumbo, ikidhaniwa ni uchovu, Januari 2023 akalazwa, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Kwa sababu hiyo Januari ile hakupanda benchi, wala Januari iliyofuata, na mshahara wake wa mwisho haukuwahi kutajwa. Tangu Februari 2023 injinia amekuwa akikaimu nafasi yake, kwa posho, dada akastaafu rasmi kwa sababu za afya tarehe 31 Machi 2024, na bodi imepanga kukutana Alhamisi ijayo, tarehe 30 Mei, kumpa injinia mkataba wake.

Mwezi Aprili, mchana, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake nikimmenyea chungwa asilolila, aliniambia, "Nikiondoka watamwita yule mtoto. Watampa chai, watamwambia mambo ni magumu, watamwambia na yeye ana mume. Na ana adabu sana, atasema ndiyo." Nikamwambia basi amwambie injinia kiasi chake, amnong'oneze, yaishe, akanitazama kama alivyomtazama baba siku ya beseni, akasema, "Akijua peke yake, anakuwa na neno lake dhidi ya watu tisa wa bodi. Nataka wao wajue kwamba kila mtu anajua. Wewe ndiye utakayesoma historia yangu, una sauti ya darasani. Taja." Nikauliza nikiweke wapi, akafikiri, akatabasamu kidogo, akasema, "Mwisho, baada ya shukrani. Wakishashukuriwa hawataweza kununa."

Hali yake ilibadilika katikati ya mwezi huu, na Jumatano ya tarehe 22 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono na watoto wote watatu wakiwepo chumbani, dada yetu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Nimefundisha miaka thelathini na tano na sijakosa maneno mbele ya watu, lakini tangu Jumatano nimekuwa nikiyatafuta, na hata haya mnayoyasikia nimeyaandika nikisimama na kukaa, kwa sababu nilimpenda sana na bado sijajua nitampigia nani simu Jumapili jioni.

Jana mchana niliwasomea wanafamilia historia hii sebuleni, nilipofika sentensi ya mwisho baba mdogo akainua mkono akasema, "Hapana, mwanangu. Fedha haitajwi mbele ya jeneza. Watu watasema tulikuja kuzika au kuhesabu?" na baba mdogo ni mkubwa wetu, hajawahi kututakia baya, shangazi wakamuunga mkono, wengine wakasema wosia ni wosia, sauti zikapanda, watoto wa marehemu wakaanza kulia, nami nikakunja karatasi nikiwa sijui nimsikilize mkubwa aliye hai au dada aliyelala chumba cha pili. Shemeji alikuwa hajasema neno tangu Jumatano, si kwa mtu yeyote, alikuwa amekaa pembeni anapapasa mshono wa kochi. Akasimama polepole, akasema, "Baba, naomba mnisamehe. Mimi ndiye mke wa Mkurugenzi. Na mimi nasema isomwe."

Midomo ikamchezacheza baba mdogo, kisha yule mzee wa miaka themanini na tatu akacheka na kulia kwa pamoja, akamshika shemeji bega akasema, "Abee," na shauri likaishia hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimsuka nywele mpaka zilipokwisha, inawashukuru majirani mliotuletea viti, maji na watu wa kukaa nasi, wafanyakazi wa viwanda vyote vitano, madereva mliolifuata gari lake kwa malori yenye taa zilizowashwa, wauza nyanya mliofunga meza zenu leo, na kwa namna ya pekee inaishukuru bodi ya kampuni, kwa gharama za matibabu, kwa shada hili kubwa la maua, na kwa kuja kwenu nyote tisa, bila kukosa hata mmoja.

Na sasa, kwa agizo la marehemu na kwa idhini ya mwenzi wake, natamka kwamba mshahara wa mwisho wa dada yetu, Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya saruji, ulikuwa shilingi milioni sitini na nne na laki tano kwa mwezi, kabla ya makato, pamoja na nyumba, gari, na gari na dereva wa mwenzi.

Injinia, umesikia. Waheshimiwa wa bodi, mmesikia kwamba amesikia.

Dada, nimetaja. Pumzika kwa amani.